Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Chunya: Watibiwe Chumba Kimoja

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuomba jambo moja katika bajeti ijayo. Kituo cha afya kilicho karibu na machimbo kipewe chumba na mhudumu aliyefundishwa kumtibu kwa pamoja mtu aliyeshikwa na ulevi na maradhi ya akili.

Unawafahamu watu hawa. Kijana anakuja Makongolosi au Matundasi kutafuta dhahabu. Anashuka duarani usiku na mchana, anakunywa gongo ili alale, anavuta bangi ili apate moyo wa kushuka tena. Baadaye anaanza kusikia sauti za watu wasiokuwepo na kuwashuku wenzake kwamba wamemwibia mawe. Mtaani tunasema katolewa ndagu, kwamba kuna tajiri aliyenunua mali kwa akili za kijana huyo. Familia inauza mbuzi na kwenda kwa mganga wa kienyeji. Akifikishwa hospitali, ameshafungwa kamba.

Ndugu yangu wa damu ameupitia mzunguko huo. Tulipompeleka kutibiwa tuliambiwa aache pombe kwanza, ndipo aanzishiwe dawa. Tulipotafuta nyumba ya kumsaidia aache pombe, tukajibiwa kuwa hawapokei mtu anayesikia sauti. Naye alikuwa anakunywa ili sauti zinyamaze! Mtu kama huyo aanze na lipi?

Wala wagonjwa wa namna yake si wachache. Nchini Marekani, uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 1990 ulikuta kuwa asilimia 47 ya watu wenye skizofrenia, moja ya maradhi ya akili ya kusikia sauti, wamewahi pia kuwa na tatizo la pombe au dawa za kulevya.

Chunya tuna jambo la ziada, nalo ni zebaki. Dhahabu iliyokamatwa kwa zebaki inapochomwa, mvuke wa zebaki huingia mapafuni na kufika kwenye ubongo. Huleta mikono kutetemeka, kukosa usingizi, kusahau na hasira za ghafla. Mikono ya mlevi nayo hutetemeka. Mhudumu asiyemuuliza mgonjwa anafanya kazi gani na dhahabu inachomwa wapi, ataandika "ulevi" na kufunga daftari.

Nayaheshimu yaliyofanyika. Tangu mwaka 2017 Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ina kliniki ya methadoni, nayo imewainua vijana waliokuwa wamezama kwenye heroini. Lakini methadoni ni tiba ya heroini na dawa za jamii yake. Haimtibu mtu wa gongo, wala wa bangi. Mwaka huohuo viroba vya pombe kali vilipigwa marufuku nchi nzima, na wanywaji wengi wakahamia kwenye vinywaji vingine. Ni kweli lami imefupisha safari ya kwenda kutibiwa Mbeya, ila dawa za maradhi haya ni za miezi na miaka, na mama anayemuuguza mwanawe hapati nauli ya watu wawili kila mwezi.

Ninachokiomba hakihitaji jengo jipya. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2008 mpango wa mhGAP kwa ajili ya vituo visivyo na daktari bingwa, na mwongozo wake unashughulikia saikosisi, yaani maradhi kama haya ya kusikia sauti, na ulevi. Muuguzi na tabibu wetu waufundishwe. Haloperidoli, sindano ya flufenazini, diazepamu na vitamini B1 zisikatike kwenye dirisha la dawa. Hizo mbili za mwisho nazisisitiza, kwa sababu mnywaji wa kila siku akikatishwa pombe ghafla anaweza kushikwa na degedege, akaweweseka, hata akafa. Mtu wa hali hiyo akilazwa mahabusu kwa kosa la fujo, uhai wake uko hatarini. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeweka njia ya kumfikisha mgonjwa kwenye tiba. Polisi na watendaji wa vijiji waelezwe njia hiyo, na waonyeshwe mlango wa kumpeleka.

Fedha zipo mahali pa kuanzia. Dhahabu inayouzwa katika soko la madini hapa Chunya inaiingizia halmashauri ushuru wa huduma, na inachimbwa na vijana hawahawa. Tenga fungu dogo kutoka humo. Naomba ombi hili lisomwe mbele ya madiwani kabla bajeti haijapitishwa, na jibu lake, liwe ndiyo au hapana, libandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila kata yenye machimbo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Ndugu wa mgonjwa, Chunya