HASARA YA WOTE ISIBEBWE NA MMOJA



Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio, sehemu ya Mlima Hanang iliyolowa mvua ilimeguka. Tope, mawe na magogo viliteremka hadi Gendabi, Jorodom na mji wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2024, familia zilizokosa makao zilikabidhiwa nyumba zaidi ya 100 huko Waret. Tunashukuru kwa mema hayo yote. Hata hivyo, shukrani haituzuii kuuliza: maafa yanapotokea, ni nani apaswaye kulipa?

Swali hili lina sehemu mbili, na wengi wetu huzichanganya.

Sehemu ya kwanza ni hasara iliyoletwa na mlima wenyewe. Hapo Serikali hutoa msaada, si fidia, kwa kuwa siyo iliyoumega mlima. Lakini msaada hufuata uwezo na utashi wa wakati ule. Baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, wananchi wa Kagera waliambiwa mnamo Januari 2017 kwamba kila mmoja ajijengee nyumba yake. Wa Hanang walijengewa. Hatumwonei kijicho aliyepata. Twasema tu kwamba maskini hastahili kuishi kwa kubahatisha.

Sehemu ya pili ni hasara iletwayo na mkono wa binadamu katika kuwaokoa wengine. Tuchukue mfano. Mto umejaa tope, na mhandisi anaona kwamba mfereji ukipitishwa katika shamba la mjane, mji mzima utapona. Greda halingoji kikao. Ekari mbili za mahindi zinafukiwa na zizi linabomolewa. Mji unapona. Mjane anaambiwa, "Pole, mama, ilikuwa dharura."

Je, mama huyu anangoja msaada, au anadai haki yake? Sisi twasema anadai haki. Dharura yaweza kuhalalisha kuchimba bila kungoja. Haiwezi kuhalalisha kutolipa kabisa. Waliopona ni wote, basi gharama ni ya wote. Ibara ya 24 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inalinda mali ya kila mtu, na inakataza kumnyang'anya bila idhini ya sheria inayoweka masharti ya fidia inayostahili. Mfalme Ahabu naye alikuwa na sababu yake ya kulitaka shamba la Naboti.

Wako wasemao kwamba viongozi wakidaiwa kila mche wa mhindi wataogopa kuchukua hatua, na watu watakufa. Hoja hii si ya kubezwa. Ndiyo maana hatusemi kiongozi alipe kutoka mfukoni mwake, wala kwamba greda lisimame hadi mthamini afike. Twasema mfuko wa umma ulipe baadaye, bila kumzungusha mdai. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni rahisi kuuita mwepesi usipokuwa begani mwako.

Viongozi wa walei na wa jumuiya ndogo ndogo hawana budi kujiandaa kabla ya masika. Kila familia iandike mipaka ya shamba lake, mazao na majengo yake, na majirani wawili washuhudie. Mashine ikiingia shambani, iandikwe siku, saa, na jina la ofisi iliyotoa amri. Orodha ya hasara ipelekwe kwa mtendaji wa kijiji, isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji na kuingizwa katika kumbukumbu. Hapo pia tuombe hesabu za michango isomwe hadharani, shilingi kwa shilingi.

Mlima hatuwezi kuuamuru. Kugawana hasara kwa haki, hilo tunaliweza.