Uyoga wa Mwituni: Tuujue Kabla ya Kuupika



Mvua za masika zinaponyesha, ardhi yetu ya Pwani hutoa riziki ambayo haikupandwa na mtu. Kichuguu kilichokuwa kikavu jana huamka kimejaa uyoga mweupe, na watoto hurudi nyumbani mbio na bakuli lililojaa. Mama hufurahi, kwa kuwa kitoweo kimepatikana bila ya kutoa pesa. Wiki hii tungependa kuizungumzia ile dakika iliyo baina ya bakuli na sufuria, kwani hapo ndipo tunapoamua jambo zito, aghalabu pasi na kufikiri.

Baadhi yetu husema kuwa uyoga umetajwa kwa wema na Mtume (S.A.W.), basi una madhara gani? Ni kweli kuwa Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim zimeitaja al-kam'a kuwa ni katika manna. Lakini al-kam'a hukua chini ya ardhi katika majangwa ya Arabuni, umbo lake ni kama kiazi, na ndugu zetu wa Ghuba huichimba na kuila hadi leo. Haina kofia wala shina. Si haki kuichukua sifa yake tukauvika kila uyoga uotao nyuma ya nyumba. Asili ya vyakula ni halali, ila chenye kudhuru nafsi hatukuruhusiwa kukila.

Wengine hutegemea majaribio ya jikoni: kutia kijiko cha fedha au kitunguu thomu sufuriani na kutazama kama kitageuka cheusi. Wengine husema, ukiliwa na konokono au mbuzi, nasi twaweza kuula. Yote haya hayana msingi. Sumu kali za uyoga haziubadilishi rangi upishi, haziondoki kwa kuchemshwa wala kwa kukaushwa, na mnyama aweza kula asidhurike kitu ambacho kwa mwanadamu ni mauti.

Njia ya salama ni kuujua uyoga mmoja kwa alama zake zote, tena kwa kufunzwa na mtu aliyeuchuma mahali hapo miaka mingi. Tuchukue mfano wa uyoga wa kichuguu. Huu hulimwa na mchwa wenyewe kuwa chakula chao. Aghalabu shina lake hushuka ardhini kama mzizi mrefu kuelekea kwenye makao ya mchwa, na katikati ya kofia pana kinundu kilichochongoka. Kwa hiyo usiung'oe kwa kuukata juu juu. Chimba taratibu mpaka uione tamati yake.

Kuchimba huko kuna faida ya pili. Katika jamii ya Amanita mna aina ziuazo, na alama yao kubwa imefichika udongoni: kifuko mfano wa ganda la yai lililopasuka, kilicholishika tako la shina. Mara nyingi huwa na pete shingoni na mikunjo myeupe chini ya kofia. Ukiukata juu ya ardhi, umeiacha alama hiyo shimoni.

Mwingine ni ule uotao kwenye nyasi za nyua na viwanja katika nchi za joto, wenye kofia nyeupe yenye magamba ya kahawia. Ukiwa mchanga mikunjo yake ni myeupe, nao hupendeza macho. Ukikomaa hugeuka kijani. Weka kofia yake juu ya karatasi nyeupe usiku kucha, uifunike kwa bakuli: vumbi la kijani likionekana asubuhi, utupe. Ukosefu wa rangi hiyo, hata hivyo, hauthibitishi kuwa uyoga ni salama. Mwenye kuula huu hutapika na kuharisha baada ya saa chache.

Zile Amanita ziuazo zina hadaa zaidi. Maumivu huchelewa saa 6 hadi 24, kisha mgonjwa hupata nafuu, na jamaa hushukuru kuwa yamekwisha. Kumbe ini linaendelea kuharibika. Basi aliyekula uyoga usiojulikana akaumwa, apelekwe hospitali papo hapo, hata akiwa ametulia, na masazo ya uyoga yachukuliwe ili madaktari wayaone. Tusikae nyumbani tukimnywesha maziwa na kungoja.

Akina mama, tuwafunze watoto kuuleta uyoga bila ya kuuonja, nasi tusione haya kulimwaga bakuli zima kwa sababu ya shaka moja. Kitoweo kilichomwagwa kina badali yake kesho. Mtoto hana badali.

Mwenyezi Mungu atulindie familia zetu, na aturuzuku kilicho halali na chema. Amin.