Kiti cha Meno Hakihudumiwi na Mtu Mmoja

Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, Bariadi ilifanywa makao makuu yake. Tangu hapo, inapozungumzwa afya ya kinywa mkoani humo, swali la kwanza huwa ni idadi ya madaktari wa meno. Swali hilo ni la haki, ila halijakamilika mpaka liulizwe la pili: ni nani anayewasaidia?

Daktari wa kinywa na meno huchunguza, huziba, hung'oa na kupasua. Tabibu wa meno, mwenye stashahada, hubeba sehemu kubwa ya kazi hiyo wilayani. Nyuma yao yupo muuguzi anayesaidia kitini, mhudumu anayetakasa vifaa, fundi wa maabara anayetengeneza meno ya bandia, na mpokezi anayepanga zamu za wagonjwa. Mara nyingi hao ndio wa kwanza kusahauliwa ikama inapopangwa.

Hasara yake huonekana kitini. Katikati ya miaka ya 1980, njia ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono, pasipo umeme wala mashine ya kutoboa, ilianza kutumiwa nchini Tanzania, kisha ikaenea duniani. Ni njia inayozifaa sana zahanati za vijijini. Hata hivyo, dawa ya kuzibia huanza kuganda punde inapochanganywa, na jino lisipokingwa na mate kwa pamba, dawa haishiki vizuri. Ni vigumu mtu mmoja kuzuia mate, kukoroga dawa na kuijaza tunduni kwa wakati. Katika mkoa unaolima pamba kwa wingi, ni aibu jino kung'olewa kwa kukosa mkono wa kuishika pamba hiyo.

Kadhalika utakasaji. Vifaa huoshwa kwanza, kisha hutiwa katika mvuke wenye mgandamizo, kwa mfano nyuzi 121 za Selsiasi kwa muda usiopungua dakika 15. Anayefupisha muda huo kwa sababu foleni ni ndefu huweza kumwambukiza mgonjwa homa ya ini aina ya B.

Lugha nayo ni tiba. Wapo wazee wanaoeleza maumivu yao vyema zaidi kwa Kisukuma. Msaidizi anayekijua humwezesha daktari kutambua mapema kwamba mgonjwa ana shinikizo la damu, au anatumia dawa zinazozuia damu kuganda, kabla jino halijang'olewa.

Watakuwapo wasemao kwamba fedha ni chache, hivyo aajiriwe daktari kwanza. Lakini daktari anayeosha koleo na kuandika kadi ni daktari aliyeajiriwa nusu. Kumpa msaidizi ni kuwarudishia wagonjwa saa zake.

Msaidizi huyo sharti afunzwe, na mipaka yake ijulikane: asichome sindano ya ganzi wala kung'oa jino kwa kuwa tu ameona wengine wakifanya. Halmashauri nazo zimwandike katika ikama na bajeti, badala ya kumwazima wodini siku ya kliniki. Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza kama vifaa vimetakaswa, na ajibiwe kwa heshima. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wala mkono mmoja, uwe na ujuzi kiasi gani, hauwezi kuokoa meno ya mkoa mzima.