Si kila funksheni inahitaji seva

Jamani waprogramu wenzangu, tuna tabia moja mbaya. Mtu ana programu ya Java au Python, anataka funksheni moja iliyoandikwa kwa C. Badala ya kuiita pale pale, anaifungia kwenye seva, anaikodishia nafasi Cape Town, kisha kila ombi linakwenda na kurudi kwa HTTP. Akiulizwa, anasema huo ndio usasa.

Njoo nao usasa huo huku Nuu. Mnunuzi wa ndengu ana mizani na simu, mkulima anataka kujua alileta kilo ngapi wiki jana. Mtandao umepotea, basi na jibu limepotea. Mkulima ndiye anayelipia usasa wako, kwa kungoja juani.

Na dawa iko mfukoni mwa mnunuzi. SQLite, hifadhidata iliyoandikwa kwa C tangu mwaka 2000, imo ndani ya kila simu ya Android. Java huifikia kupitia JNI, njia iliyokuja na Java 1.1 mwaka 1997. Upande wa Python, moduli za sqlite3 na ctypes ziliingia pamoja katika toleo la 2.5, mwaka 2006. Hakuna kipya hapa. Ni uvivu tu.

"Lakini C ni hatari!" Kweli. Usipoiambia ctypes, itadhani kila funksheni inarudisha namba ya int. Kwenye mashine ya biti 64, anwani ya kumbukumbu itakatwa nusu na programu nzima itaanguka. Tena kumbukumbu iliyotengwa na C haifagiliwi na Python. Usipoiachilia wewe, itabaki hapo. Sasa, kuandika argtypes na restype ni mistari miwili. Kuamua nani ataachilia kumbukumbu ni sentensi moja ya maelezo. Seva nayo ina bili kila mwezi.

Sisemi seva zitupwe. Daraja ya Safaricom, iliyofunguliwa mwaka 2017, lazima ipite mtandaoni, kwa sababu daftari la M-Pesa liko kwao, si kwenye simu yako. Hiyo ni sababu.

Basi kabla ya kukodi seva, jiulize swali moja: data iko wapi? Ikiwa iko kwenye simu, iita funksheni hapo hapo kwenye simu.