Tambi Zing'aazo na Mboga za Bustani



Hapa Simi-Simi tumezoea lituma, mihogo na wali. Basi siku moja ililetwa nyumbani kwetu pakiti ya tambi nyembamba, ngumu, zenye kung'aa kama kioo. Tulizitia katika maji yanayochemka, tukaziacha dakika 20 kama makaroni. Tulipofunua sufuria tulikuta gundi. Watoto walicheka, sisi tulisikitikia fedha zetu.

Tangu siku ile tumejifunza. Tambi hizi hazichemshwi hivyo. Kwa watu sita, loweka gramu 200 katika maji ya moto kwa dakika 10 au 15, mpaka zilainike. Kisha zichuje na kuzikata kwa makasi. Wakati huo kata vitunguu, karoti mbili, nusu ya kabichi na mafungu mawili ya lengalenga. Kila kitu kiwe tayari kabla ya kuwasha moto, kwa maana kazi yenyewe haingoji. Pasha mafuta kidogo yapate moto sana. Tia vitunguu, halafu karoti, halafu kabichi, na lengalenga mwisho, huku ukikoroga daima. Tia tambi na nusu kikombe cha maji yenye chumvi. Zikiisha kunywa maji hayo, epua.

Lakini wahenga walisema: Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tambi hizi hutengenezwa kwa wanga wa choroko, na nyingine kwa wanga wa viazi vitamu au wa mihogo. Gramu 100 za choroko kavu zina kama gramu 24 za protini, yaani chakula kijengacho mwili. Lakini wanga ukitengwa, protini karibu yote huachwa nyuma. Katika gramu 100 za tambi haifiki hata gramu 1. Zinashibisha, ila hazijengi.

Jambo hili si dogo. Ni nani kati yetu asiyepata kumwona mtoto aliyevimba miguu, nywele zake zimefifia rangi, ingawa kila jioni alilala ameshiba? Ugonjwa huo, kwashiorkor, huwapata hasa watoto wadogo walioachishwa kunyonya na kulishwa wanga mtupu. Tambi za dukani hazitawaokoa kuliko muhogo wa shambani.

Kwa hiyo, wazazi, mboga zizidi tambi katika sahani. Tena ongezeni mayai manne yaliyokaangwa, au karanga zilizopondwa, au samaki mkavu, au mbinzo zilizokwisha kupikwa. Na fedha zikitosha kununua kimoja tu, pakiti ya tambi ama mayai, nunueni mayai. Lituma mnayo nyumbani, na lengalenga humea nyuma ya nyumba. Mgeni akaribishwe mezani, lakini asiwanyang'anye watoto chakula chao.