Taa Yenye Mtoto wa Jicho

Mtoto wa jicho ni maradhi yenye hila. Hayamchomi mtu wala hayamtoi machozi. Lenzi ya jicho iliyokuwa safi kama maji ya chemchemi huingia ukungu kidogo kidogo, na kwa kuwa ukungu huo huja taratibu, mgonjwa huuzoea, akadhani kuwa ni dunia iliyopungua nuru wala si jicho lake. Maradhi ya namna hii yamezishika taa za mbele za motokaa nyingi katika nchi yetu. Simama kando ya barabara yoyote kubwa, msomaji, uzitazame zipitazo. Moja ina weupe wa maziwa, nyingine ina manjano kama meno ya mvuta tumbaku, na ya tatu imechakaa hata balbu iliyo ndani haionekani.

Watu wengi hulihesabu jambo hili kuwa dogo. Husema kuwa ni upungufu wa urembo tu, kama mkwaruzo mlangoni au kutu kidogo penye bampa. Mimi nasema sivyo. Nasema kwamba kuendesha motokaa usiku kwa taa zilizoingia ukungu, hali mwenyewe anajua, ni kumdhulumu mtu aendaye kwa miguu. Tena nasema kwamba kuzipaka taa hizo dawa za ujanja ili zing'ae kwa juma moja ni dhuluma ya pili, mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu huyaficha maradhi yaliyokuwa yakionekana.

Yafaa kwanza tujue maradhi haya yalikotoka. Zamani kioo cha taa kilikuwa kioo kweli. Huko Marekani, tangu mwaka 1940 hata mwaka 1983, kanuni zilishurutisha taa za namna moja, kioo na nyuzi zake vikiwa vimefungwa pamoja. Kioo kile kilikuwa kizito, nacho kilivunjika kwa jiwe. Lakini jua halikukigeuza rangi. Katika mwaka 1953 Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer, Ujerumani, na Daniel Fox wa kampuni ya General Electric, Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walipata plastiki iitwayo polikaboneti. Plastiki hii ni nyepesi, haivunjiki upesi, na huweza kufinyangwa kwa umbo lolote atakalo mchoraji wa motokaa. Kanuni za Marekani zilipolegezwa mwaka 1983, motokaa ya Lincoln Continental Mark VII ya toleo la mwaka 1984 ilitangulia huko kutumia taa za namna mpya, na leo ni vigumu kuona motokaa mpya yenye taa za kioo halisi.

Lakini hakuna kizuri kisicho na kasoro. Polikaboneti ina maadui wawili: mchanga na jua. Ni laini, hivyo hukwaruzika. Na miale ya jua isiyoonekana kwa macho, iitwayo urujuanimno, huivunjavunja na kuigeuza rangi ya manjano. Watengenezaji walilijua jambo hilo tangu mwanzo. Kwa hiyo kila taa itokayo kiwandani huvikwa ngozi nyembamba iliyo ngumu, ambayo kazi yake ni kuikinga plastiki. Ngozi hiyo ikiisha, plastiki hubaki uchi mbele ya adui zake, na ukungu huanza. Chama cha wenye motokaa cha Marekani, kiitwacho kwa kifupi AAA, kilieleza mwaka 2018 kwamba dalili huweza kuonekana baada ya miaka mitatu, na aghalabu huonekana ifikapo mitano.

Sasa pima hali yetu. Nchi yetu imekatwa na mstari wa ikweta, na jua la utosi tunalipata mwaka mzima. Vumbi la barabara za murramu twalijua. Zaidi ya hayo, motokaa nyingi tununuazo hazikuwa mpya zilipotufikia. Kanuni zetu zaruhusu motokaa iliyotumika ng'ambo hata miaka minane, na nyingi katika hizo hutoka Japani. Huko kwao hupita katika ukaguzi uitwao shaken, ambao pamoja na mengine hupima nguvu ya mwanga wa taa. Zikishuka bandarini Mombasa, ngozi ya taa zake imekwisha kula miaka mingi ya maisha yake, nasi twategemea kuzitumia miaka kumi au kumi na mitano tena. Je, ni ajabu zikipofuka?

Tuingie katika hesabu, maana hesabu haina upendeleo. AAA walipopima mwaka 2018 waliona kwamba taa zilizochakaa kwa ukungu, zikiwa zimeshushwa kwa mwanga wa karibu, zilitoa asilimia 22 tu ya mwanga wa taa mpya. Yaani katika sehemu tano za mwanga, zaidi kidogo ya sehemu moja ndiyo iliyosalia. Wewe uliyesoma fizikia wajua kwamba mwanga hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Kwa hiyo, kwa kukadiria, mwanga ukibaki asilimia 22, umbali ambao dereva aweza kumtambua mtu hupungua hata chini ya nusu. Chukua mfano wa dereva aliyeweza kumwona mtu mita 60 mbele yake. Sasa atamwona mita 28. Motokaa iendayo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika kila sekunde. Basi dereva huyo ana sekunde moja na robo tu tangu kumwona mtu hata kumfikia. Kabla mguu wake haujatua juu ya breki, motokaa imekwisha kula karibu nafasi yote. Atasema kesho kwamba mtu yule alitokea ghafula. Hakutokea ghafula. Alikuwa pale muda wote. Taa ndiyo iliyochelewa kumtaja.

Wala mwanga uliopotea haukupotea bure. Sehemu yake hutawanywa na ukungu ule, ukaenda juu na kando usikotakiwa kwenda, na kumwingia machoni dereva ajaye upande wa pili. Hivyo taa mbovu hufanya madhara mawili kwa pamoja: humnyima nuru mwenyewe, na humpofusha jirani.

Ni nani alipaye gharama ya jambo hili? Si mwenye motokaa, aliyekaa ndani ya chuma na mkanda kifuani. Hesabu zitolewazo na mamlaka yetu ya usalama barabarani, NTSA, zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba waendao kwa miguu ndio wengi katika wanaouawa barabarani, kuliko kundi lingine lolote. Watu hawa ni akina nani? Ni mama arudiye sokoni na kapu lake. Ni mlinzi aendaye zamu. Ni mwanafunzi wa kutwa atokaye nyumbani kabla ya mapambazuko, amevaa sweta ya rangi ya buluu iliyokoza au kijani kibichi kizito, akipita ukingo wa lami usio na njia ya miguu. Kwetu ikweta jioni haina subira. Jua likizama, giza huingia kwa muda wa nusu saa. Sisi walimu twajua ni wangapi katika wanafunzi wetu wafikao shuleni kungali giza. Mwanafunzi huyo hana taa. Taa yake ni ile iliyofungwa katika motokaa ya mtu asiyemjua.

Wako watakaojibu, “Taa zangu zinawaka.” Naam, zinawaka, hata mshumaa ndani ya chungu unawaka. Taa haikuwekwa mbele ya motokaa ili iwake, bali ili ionyeshe. Mkaguzi wa magari naye asitosheke kuona kwamba balbu imewaka. Atazame pia kama mwanga umetoka nje na kufika njiani.

Wako wengine ambao, wakiona giza, hukimbilia kununua balbu kali zaidi. Dawa hiyo ni sawa na kumpigia kelele kiziwi. Ukungu uliozuia mwanga mdogo utautawanya mwanga mkubwa, na mateso ya dereva ajaye upande wa pili yataongezeka. Tena balbu yenye joto jingi huweza kuidhuru zaidi plastiki iliyokwisha dhoofika.

Lakini ninaowalaumu zaidi ni wenye dawa za mkato. Mmoja hupaka dawa ya meno, mwingine mafuta ya taa, wa tatu dawa ya kufukuzia mbu. Motokaa huingia na ukungu na kutoka inang'aa, na mwenyewe hulipa kwa furaha. Hebu tuzipime dawa hizi moja moja. Dawa ya meno ina chembe za kusugua zilizo laini; huweza kupunguza uchafu na ukungu mwepesi, lakini haivishi taa ngozi mpya. Mafuta hujaza mikwaruzo midogo, mwanga ukapita kwa muda. Yakikauka au yakioshwa na mvua, ukungu hurudi pale pale ulipokuwa. Dawa ya mbu ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu aina nyingi zake zina kemikali inayoyeyusha plastiki. Uso wa taa huyeyuka kidogo, ukawa laini, ukang'aa. Kumbe umezidi kudhoofishwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wazee. Na hapa kifo chenyewe huenda kisimwangukie mwenye kuficha.

Simlaumu kijana wa jua kali afanyaye kazi hiyo ili apate chakula chake. Mikono yake yaweza kufanya kazi njema ikitakiwa. Namlaumu mwenye motokaa asemaye, “Nifanyie upesi, nifanyie rahisi,” kisha asiulize neno jingine.

Kazi njema yenyewe haina siri. Kwanza taa huoshwa kwa maji na sabuni hata vumbi lote litoke, na rangi ya bodi iliyo kando yake hukingwa kwa utepe wa gundi. Kisha husuguliwa kwa karatasi ya msasa iliyoloweshwa maji, kuanzia msasa mkali na kuendelea kwa ulio laini: namba 800, kisha 1500, kisha 2000, kisha 3000. Kadiri namba inavyozidi, ndivyo msasa unavyozidi kuwa laini, na kila mmoja hufuta mikwaruzo ya uliotangulia. Msasa wa kwanza ndio wenye kazi kubwa, maana sharti uiondoe ngozi yote ya zamani iliyooza. Hapo taa itakuwa nyeupe kuliko ilivyokuwa, na mtu asiyejua atadhani imeharibiwa. Asiogope. Baada ya misasa, taa husuguliwa kwa dawa ya kung'arisha na kitambaa laini hata iwe angavu, ikapanguswa kwa spiriti ili isibaki na mafuta.

Wengi huishia hapa, na hapa ndipo wanapoharibu. Taa imeng'aa, lakini i uchi. Ikiachwa hivyo, miale ya jua itaigeuza manjano tena kwa muda wa miezi tu. Sharti ivikwe ngozi mpya: vanishi angavu iliyotengenezwa kwa ajili ya kuzuia urujuanimno, ipakwe mahali pasipo na vumbi na iachwe ikauke vema. Kwa hiyo ukimpelekea fundi taa zako, usimwulize, “Zitang'aa?” Mwulize, “Utazivika nini baada ya kuzing'arisha?” Jibu lake litakuonyesha kama yeye ni fundi au mpaka rangi kaburi.

Haki inanitaka niseme pia mpaka wa dawa hii. Vipimo vile vya AAA vilionyesha kwamba taa iliyosafishwa vema hurudi karibu asilimia 70 ya mwanga wa taa mpya, haifiki mia. Tena kuna taa ambazo maradhi yake yamo ndani: maji yameingia kwa ufa, au kioo cha ndani kirudishacho mwanga kimeungua. Hizo msasa hauzifai kitu, sharti zibadilishwe. Lakini kutoka 22 hata 70 ni safari kubwa. Ni zaidi ya mara tatu ya mwanga, nayo hupatikana kwa karatasi chache za msasa, kopo dogo la vanishi, na jasho la saa mbili tatu.

Basi msiniambie habari ya umaskini. Nimeziona motokaa zenye taa pofu zikiwa na muziki uwezao kutikisa madirisha ya nyumba, na maandishi ya mapambo toka mbele hata nyuma. Mwenye fedha za kusikika akakosa fedha za kuona si maskini. Ni mtu aliyekosa kupanga lililo la kwanza likawa la kwanza.

Nawe, msomaji kijana, huenda ukasema, “Haya hayanihusu, mimi sina motokaa.” Huna motokaa, lakini una miguu, na usiku utakuwa mbele ya taa za watu wengine. Kama baba, mjomba au jirani yako ana motokaa, itazame taa yake mchana, kisha umwambie kwa adabu uliyoyaona. Kama shuleni kwenu kuna chama cha sayansi na basi la shule, hapo pana somo la mwanga lisilohitaji maabara: pimeni umbali ambao sweta ya mwanafunzi huonekana gizani, basi likiwa limesimama, zisafisheni taa pamoja na mwalimu na dereva, kisha pimeni tena. Na siku utakapokabidhiwa ufunguo wa motokaa yako mwenyewe, kumbuka kwamba taa zile mbili si mali yako peke yako. Nusu yake ni ya mtu aendaye kwa miguu kando ya barabara, naye hana njia ya kukudai ila wewe umlipe kabla hujamfikia.