Tulidhani ni vichomi



Mjomba wangu alibanwa na kifua alfajiri, jasho likimtoka na mkono wa kushoto ukifa ganzi. Huku Kisiwani tukasema ni vichomi, tukamchemshia tangawizi. Saa tatu asubuhi tulimpakia kwenye bodaboda hadi zahanati moja, akapewa dawa za vidonda vya tumbo na kurudishwa nyumbani. Alfajiri iliyofuata hakuamka.

Simlaumu mhudumu yule. Hakuwa na kifaa cha kupima moyo. Lakini mtu mzima akifika na kifua kinachobana, apimwe umeme wa moyo ndani ya dakika 10, na kama hana mzio wala hatoki damu, atafunishwe aspirini. Aspirini, dawa ya bei ndogo kabisa! Watafiti wa hospitali ya KCMC mjini Moshi na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani wameonyesha kwamba hata Moshi wagonjwa wengi wa shambulio la moyo hawatambuliwi. Sembuse sisi wa nyuma ya Milima ya Upare?

Kutoka hapa mgonjwa apite kwanza kandokando ya Hifadhi ya Mkomazi hadi Same mjini, kisha takriban kilomita 100 hadi Moshi. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, na msuli wa moyo uliokosa damu haungoji basi.

Mpango wa m-mama, kwa namba 115, huwapatia wajawazito na watoto wachanga usafiri wa dharura. Naiomba Wizara ya Afya iwaongeze wagonjwa wa moyo, na mashine ya kupima umeme wa moyo ifike vituo vya afya vya huku tambarare.

Mpwa wa marehemu,
Kisiwani, Same